Kibaba cha Mfuto

Hapo zamani, wakati chakula kilipimwa kwa kibaba na mizani haijafika, kulikuwa na masoko mawili kwenye mlima mmoja. Moja liliitwa Kwamrefu, la pili liliitwa Ngulumbi. Kilima kimoja tu kiliyatenganisha. Mvua ilikuwa ile ile, migomba ile ile, na watu walikuwa wameoleana hata hujui nani wa wapi. Tofauti ilikuwa chemchemi. Ya Kwamrefu ilitoka kwa nguvu na haikukauka. Ya Ngulumbi ilikuwa ndogo, ya kuchota kwa kata na kusubiri.

Watu wa mlimani walileta sokoni mahindi, maharage na ndizi. Watu wa nyikani walipanda mlima na chumvi, samli na mbuzi. Mlimani hapakuwa na chumvi. Nyikani hapakuwa na nafaka. Kwa hiyo walihitajiana, wapendane wasipendane.

Shida ilikuwa kibaba.

Siku hizo watu walipima kwa tele. Kibaba kinajazwa hadi mdomoni, halafu kinaongezwa kichuguu juu, kama lumbesa ya viazi ya leo. Mnunuzi aliruhusiwa kuzungushia mikono yake mdomo wa kibaba ili kichuguu kisimwagike. Sasa mikono haifanani. Mwenye vidole virefu aliondoka na kibaba na nusu, mwenye vidole vifupi aliondoka na manung'uniko. Nyumba zenye akili zilimtuma sokoni mtu wa mikono mikubwa. Mama mmoja wa Ngulumbi alimkataa mchumba wa mwanawe kwa sababu ya vidole, na hakuna aliyemwona mama yule mkosaji.

Na kibaba chenyewe kilikuwa cha mti. Ukitaka kununua, unakikwangua ndani kiwe kipana. Ukitaka kuuza, unakipaka nta chini kiwe kifupi. Kila soko lilikuwa na jumbe wake, na vijana wa jumbe ndio walikuwa wabaya zaidi. Wakikusanya tozo ya soko, walijaza tele mpaka kwenye viwiko. Wakilipa, walipiga kibaba juu juu na kuondoka wakiongea mambo mengine.

Kila kibaba kiliisha kwa ugomvi. Mwanamke wa nyikani aitwaye Nolari, mwuza chumvi, alipunjwa Kwamrefu, akavuka kilima, akapunjwa Ngulumbi. Akafunga mizigo yake.

"Nyie watu wa mlimani mna maji, mna udongo, mna ndizi," alisema. "Mnakosa nini mpaka mnaiba punje?"

Akateremka, na wenzake wengi wakaacha kupanda. Watu wa mlimani wakaanza kula maharage yasiyo na chumvi.

Ngulumbi alikuwapo mfinyanzi, bibi aitwaye Nakijwa. Yeye hakuhubiri haki. Kilichomchosha ni kwamba kila ugomvi ulipoanza, watu walisukumana na kuangukia vyungu vyake. Siku moja alikusanya vigae vyake kwenye kanga, akaenda nyumbani, na hakuonekana sokoni mpaka mwezi ulipoandama.

Aliporudi alikuwa na vibaba vya udongo. Vyote alivifinyanga juu ya kibuyu kimoja, vyote vimechomwa vyekundu na kusuguliwa vikang'aa. Ukikwangua ndani, weupe unaonekana. Ukigonga chini, kinalia. Mdomo wake ulikuwa bapa kama ubao, na pamoja na kila kibaba alitoa kijiti cha mwanzi kilichonyooka.

"Hiki ni cha mfuto," alisema. "Mimina, futa, chukua. Mikono yenu kaeni nayo."

Mtu mmoja akauliza, "Na ukarimu je, bibi? Mtu akitaka kumwongezea mgeni?"

"Amwongezee baada ya kufuta. Aone anachotoa, na mgeni aone anachopewa."

Nakijwa hakuwa mchoyo. Vibaba vingine alivipeleka Kwamrefu, kwa kuwa dada yake aliolewa huko. Watu wa Kwamrefu walivipokea kwa shukrani. Jumbe wao akakishika kimoja, akakigeuza, akacheka. "Kizuri," alisema. "Lakini kibaba changu ni mkono wangu." Vijana wake wakaendelea kupima tele. Watu walipoona hivyo nao wakaendelea, na vibaba vya Nakijwa wakanyweshea kuku.

Udongo ule ule, kibuyu kile kile. Kwamrefu kuku wakanywa vizuri sana.

Ngulumbi nako siku ya kwanza haikuwa rahisi. Kila mtu alikuwa na kibaba kipya mbele yake na hakuna aliyekitumia. Walikuwa wanamsubiri jumbe. Jumbe wa Ngulumbi aliitwa Mrindoko, mtu mkubwa wa mwili, si mwema sana, si mbaya sana. Vijana wake walimfikia mwanamke mwenye mtama ili wachukue tozo. Kijana akamimina, akajaza, akazungushia mikono, akaanza kuinua kichuguu kama alivyozoea. Nakijwa akasimama na kijiti chake. Kijana akamtazama jumbe.

Soko lote likamtazama jumbe.

Mrindoko alikuwa na mikuki, Nakijwa alikuwa na mwanzi. Angeweza kusema lolote. Alijikuna shingo, akatazama mtama, akasema, "Futa."

Kijiti kikapita. Mtama ukaporomoka juu ya kitambaa cha mwenyewe. Mwanamke yule aliukusanya upesi kwa viganja viwili, kana kwamba jumbe angebadili mawazo. Hakubadili. Tangu siku ile hata mwenye kiburi wa mwisho alifuta, maana nani angesema yeye ni zaidi ya jumbe?

Lakini kibaba hakijilindi. Ilibidi mtu asimame sokoni kila siku ya soko, agonge vibaba, atazame ndani, aamue ugomvi. Vijana wa jumbe hawakuaminiwa. Wakamchagua Nambike, mjane, mwenye sauti kavu na macho yasiyochoka. Kazi haikuwa na malipo ila fungu la ndizi. Shamba lake alilimiwa na kaka yake, Sekiete, kwa kuwa mumewe alikuwa amefariki na watoto walikuwa wadogo.

Sasa Sekiete alikuwa mcheshi, mwenye mikono myepesi. Mvua zilipoanza kuchelewa na watu wakaanza kutazama mawingu badala ya kutazamana, Sekiete alichukua udongo, akaupaka chini ndani ya kibaba chake, akausugua mpaka ukang'aa kama wa Nakijwa. Siku hiyo Nolari alikuwa amepanda tena. Aliletwa na tetesi za mfuto, lakini alileta mfuko mmoja tu wa chumvi, wa kujaribia. Alinunua maharage kwa Sekiete. Nambike akapita, akakigonga kibaba kwa kidole. Hakikulia.

"Kaka, kimimine."

"Dada, mbele ya mgeni?"

"Hasa mbele ya mgeni."

Sekiete akamimina. Nambike akaingiza mkono, akabandua udongo, akauweka juu ya jiwe watu wauone. Halafu akakipiga kibaba kwenye jiwe lile lile. Vigae vikaruka mpaka kwenye miguu ya Nolari.

"Unajua nani analima shamba lako," Sekiete alisema, bila kupandisha sauti.

"Najua."

"Basi msimu huu utajua pia nani halilimi."

Panga lilikuwa kiunoni mwake, na mkono wake ukaenda kwenye mpini. Watu wakarudi nyuma. Alikuwa na binamu wengi pale, na kila mmoja alikuwa anasubiri aone. Sekiete akatazama vigae, akatazama dada yake, akatazama wale binamu. Akalichomoa panga, akaliweka chini karibu na maharage, akaketi. "Nani ananiazima kibaba?" alisema. Mtu akamwazima. Akauza yaliyobaki kwa mfuto, kwa uso ulionuna, na jioni hakuvuka kilima kwenda kuuza Kwamrefu, ingawa huko wangempokea.

Nolari aliokota kigae kimoja, akakifunga kwenye pindo la nguo yake, akateremka.

Kisha ukame ukaja wenyewe.

Sitauelezea sana. Waliowahi kupika majani ya mlenda pekee siku baada ya siku wanajua, na wasiojua wamshukuru Mungu. Kilichotokea ni hiki. Kwamrefu watu walikuwa na maharage, maana walikuwa na maji. Lakini kila aliyeyapeleka sokoni aliporwa kwa mikono mirefu, kwa hiyo wakayaficha darini. Walioficha hawakupata chumvi wala mbuzi. Wasiokuwa na maharage hawakupata pa kuyanunua. Wadudu wa darini ndio walioshiba. Ngulumbi, palipokuwa na kichemchemi cha kata, chakula kilitoka. Kilitoka kidogo kidogo, kikapimwa, kikafutwa. Aliyeleta maharage alijua ataondoka na nini. Watu wa nyikani walipanda kwa makundi, na mbuzi, na samli, na chumvi. Hata watu wa Kwamrefu walianza kuvuka kilima na vikapu vyao vya siri, wakasimama kwenye foleni na kusema kwa aibu, "Nifutie na mimi."

Mimina, futa, chukua. Mimina, futa, chukua. Ndivyo walivyouvuka ukame ule. Walikonda, lakini walivuka.

Nambike alivuka kwa taabu kuliko wengine. Shamba lake halikulimwa. Alikula ndizi za kazi yake na viazi vya porini, na watoto wake walitumwa kwa mashangazi kwa zamu. Hakuomba. Sekiete hakumletea.

Halafu mvua ikanyesha. Ilinyesha mchana, watu wakiwa sokoni, na hakuna aliyekimbia. Walisimama tu na maji yakiwatiririka usoni. Mtu mmoja alikuwa ameshika kijiti juu ya kibaba akasahau kufuta, na mwenye mtama akasema, "Acha, leo chukua hivyo hivyo," na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo ilinyesha kila siku. Vyura wakarudi. Watoto wakaanza tena kuwa wakorofi, na mama zao wakafurahi kuwachapa.

Siku moja ya soko Nolari alipanda akiswaga ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye mimba kubwa. Alimfunga kamba, akaishika mwisho wake, akasema:

"Wenzangu wa nyikani wamenituma. Mwaka huu tumezika wazee wachache tu, na mtoto hata mmoja hatujamzika. Tumekula hapa. Mtamba huyu ni wa yule aliyelifanya soko hili likapona. Apewe mtu mmoja."

"Tugawane maziwa," mtu akasema.

"Tulijaribu kwa ng'ombe wa marehemu mjomba wangu," Nolari alijibu. "Ng'ombe huyo alikufa kwa kiu, kila mmoja akidhani mwenzake amemnywesha. Mtu mmoja. Na fanyeni haraka, korongo likijaa sitaweza kuvuka, na silali huku kwenu."

Wakamgeukia jumbe aamue. Mrindoko akatikisa kichwa. "Mimi nimo kwenye hesabu hiyo," alisema. "Siwezi kumimina na kufuta mwenyewe."

Mzee Kibacha, ambaye hupinga kila kitu, akainuka. "Nyote mnajisumbua. Ni chemchemi. Maji ndiyo hulisha watu. Mtamba afungwe pale chemchemini, basi."

"Mzee wangu," Nolari akasema, "leo nimepitia Kwamrefu. Chemchemi yao ni mara mbili ya yenu. Nimekuta nyani wanakunywa, soko limeota nyasi. Nyani hawakuwa na chumvi ya kuuza."

Mzee Kibacha akaketi, akisema kwamba hata hivyo maji ni maji.

Nakijwa akasema kwanza. "Mimi ni mzee na sitazunguka. Kabla ya kibaba changu mlikuwa mnapima nini? Mlikuwa mnapima vidole. Jumbe angesema futa, angefuta nini? Nambike angelinda, angelinda nini? Mkwe wangu alifariki kabla ya mvua, kaniachia mtoto wa kunyonya. Anakunywa maji ya uji. Mkiniuliza ng'ombe nampeleka wapi, ndiko huko."

"Bibi, pole," akasema Mrindoko. "Lakini vibaba vyako vilifika na Kwamrefu. Kuku wao wamenenepa. Kibaba kilikuwa pande zote mbili, neno 'futa' lilisemwa upande mmoja. Nililisema mimi, nikiwa na uwezo wa kutolisema. Mnadhani lilikuwa neno dogo? Tozo yangu ilipungua, vijana wangu nusu wameniacha, na zizi langu mnaliona. Mnaniita jumbe kwa heshima tu. Jumbe asiye na ng'ombe hata mmoja, mwakani atakuja mwingine mwenye ng'ombe, na huyo sijui kama atasema futa."

Hilo la mwisho watu hawakuwa wamelifikiria.

Nambike hakutaka kusema. Walimsukuma. "Jumbe alisema futa mara moja, akarudi nyumbani kula," alisema. "Mimi nimesema futa kila siku ya soko, kwa mkwe, kwa jirani, kwa watu niliozika nao. Neno la mara moja lingechakaa. Mvua inanyesha, nyote mmepanda, shamba langu ni magugu mpaka kiunoni. Nikipata mtamba, nitamwahidi mtu ndama anilimie juma hili. Nisipopata, mwakani sitavuna. Sina zaidi."

Ndipo Sekiete akakohoa.

"Na wewe una nini?" mtu akauliza, na kicheko kikaanza kabla hajajibu.

"Nina dai," alisema Sekiete. "Chekeni, nitasubiri. Haya. Kabla ya siku yangu, nani alijua kama mfuto una meno? Bibi alifinyanga, jumbe akasema, dada akazunguka akigonga gonga. Mtu yeyote angeweza kudhani ni mchezo. Mimi ndiye niliyejaribu. Na nilipokamatwa, panga lilikuwa hapa, binamu zangu walikuwa pale. Ningenyanyua mkono tu, leo kungekuwa na nyani hapa pia. Niliketi. Niliazima kibaba. Mnajua ilivyo kuketi hapo huku watu wanakutazama?"

"Mwizi anataka zawadi ya wizi wake," alisema Nakijwa.

"Ya kuketi kwangu, bibi. Wizi siudai."

Kicheko kikawa kikubwa. Lakini Nolari hakucheka. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa kigae chekundu, akakiweka kwenye kiganja watu wakione.

"Nilipofika siku ile nilikuwa na mfuko mmoja, wa kujaribia," alisema. "Niliporudi nyumbani niliwaonyesha hiki. Nikawaambia, mwanamke amevunja kibaba cha kaka yake, na kaka ameketi. Wakaniuliza mara mbili, ameketi kweli? Nikasema ameketi. Ndipo wakafungua mazizi. Huyu naye msimwondoe."

Kicheko kikaisha. Nambike akamkazia macho kaka yake.

"Ukipewa, utamfunga wapi?" aliuliza.

"Kwangu," alisema Sekiete. "Usinitazame hivyo, dada. Mimi si malaika. Lakini jembe langu lipo, na shamba lako naliona kila nikipita. Hujaniomba."

"Sijaomba kwa sababu sijakosa."

"Najua hujakosa. Ndiyo maana ni vigumu kuja bila kuombwa."

Nambike alimsogezea ndizi moja kutoka fungu lake, na Sekiete akaimenya.

Mawingu yalikuwa yanashuka. Korongo lilikuwa limeanza kunguruma kule chini. Wengine wakasema Nakijwa, kwa ajili ya kile kichanga. Wengine wakasema jumbe, kwa ajili ya jumbe atakayekuja baadaye. Wengine wakasema Nambike, shamba likiwa bado na unyevu. Na wachache hawakutaja jina kwa sauti, lakini walimtazama Sekiete. Kila aliposifiwa mmoja, ilionekana bila wa kabla yake au wa baada yake asingekuwa kitu. Mtu mmoja, amechoka kwa mabishano, akasema, "Basi leteni kibaba," na soko zima likacheka, hata Nambike, ambaye tangu ukame uanze hakuna aliyekuwa ameona meno yake.

Nakijwa alikuwa na kijiti chake mkononi. Alimtazama mtamba tangu pembe mpaka mkia. "Huyu hafutiki," alisema.

Mtamba alikuwa anatafuna jani la mgomba, hana habari. Nolari akainyoosha kamba kuelekea kwa watu.

Na ninyi mlikuwapo pale sokoni, mmesikia vyote nilivyosikia. Aliyefinyanga kibaba wengine wakanyweshea kuku. Aliyesema futa akiwa na uwezo wa kukataa. Aliyevunja kibaba cha kaka yake akalala na njaa. Na aliyevunjiwa, akaweka panga chini na kuketi. Kamba ni moja, korongo linajaa, Nolari anataka kwenda nyumbani. Je, mngeitia mkononi mwa nani?